Miraa na Muguka: Nguvu za Kukopa

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemtukuza mwanadamu kwa kumpa akili. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.

UTANGULIZI

Katika somo hili tumekusudia kuzungumzia vichangamshi, na hasa kile kinachojulikana zaidi katika mitaa yetu ya Pwani: miraa, ambayo wazee wetu huiita mairungi na ndugu zetu wa Tanzania huiita mirungi, pamoja na muguka.

Tumelichagua jambo hili kwa sababu juu ya pombe na heroini hatuna mzozo. Mzazi akimwona mwanawe amelewa hushtuka papo hapo. Lakini miraa haimlazi mtu mtaroni. Mlaji huzungumza vizuri, hutembea sawasawa, na pengine huonekana mchangamfu kuliko wenziwe. Huuzwa mchana kweupe na huliwa harusini na barazani. Ndiyo maana kijana hujiuliza, na ana haki ya kujiuliza: kuna ubaya gani? Swali hili tutalijibu kwa elimu ya mwili, kwa hesabu ya nyumbani na kwa mizani ya dini yetu.

KICHANGAMSHI NI NINI?

Kichangamshi ni kitu chochote kinachouharakisha ubongo na mishipa ya fahamu kufanya kazi kuliko kawaida yake. Kinyume chake ni vilegezi, kama pombe na heroini, ambavyo huupunguza mwendo wa ubongo. Vichangamshi vina daraja mbalimbali. Chini kabisa kuna kafeini iliyomo katika chai na kahawa. Ipo nikotini ya sigara na ugoro. Kisha ipo miraa, na juu zaidi zipo amfetamini na kokeini.

Vyote hivi vinashirikiana katika jambo moja ambalo tunaomba kila mwanafunzi alishike: hakuna hata kimoja kinachoupa mwili nguvu mpya. Nguvu za mwili hutokana na chakula, maji na usingizi. Kichangamshi huulazimisha mwili kutoa akiba yake kwa haraka, na wakati huo huo huzima ile taarifa ya uchovu inayomwambia mtu apumzike. Ni kama dereva anayeifunika kwa kitambaa taa inayoonyesha kuwa mafuta yamekwisha. Taa haionekani, lakini tangi halikujaa.

Kwa hivyo nguvu za kichangamshi ni nguvu za kukopa, na wahenga wamesema dawa ya deni ni kulipa. Dunia imewahi kuliona hili kwa wingi. Katika Vita vya Pili vya Dunia, majeshi ya mataifa kadhaa makubwa, yakiwemo ya Ujerumani, Uingereza, Marekani na Japani, yaliwapa askari wake vidonge vya jamii ya amfetamini ili wasilale. Vita vilipokwisha, Japani ilikumbwa na janga la watu waliokuwa wameshazoea dawa hizo, hata ikalazimika kutunga sheria maalumu ya kuzidhibiti mwaka 1951. Askari walikuwa wameshaweka silaha chini, lakini deni lilikuwa bado linadaiwa.

MTI WENYEWE

Miraa ni majani na machipukizi ya mti unaoota katika nyanda za juu za Ethiopia, Yemen na Afrika Mashariki. Jina lake la kitaalamu ni Catha edulis, nalo lilitokana na kazi ya Peter Forsskål, mtaalamu wa mimea aliyefariki dunia akiwa Yemen mwaka 1763. Maandishi yake yalichapishwa mwaka 1775. Hapa Kenya miraa hulimwa zaidi Meru, na muguka hulimwa zaidi Embu. Mlaji wa miraa humenya ganda laini la kijiti na kulitafuna, na mlaji wa muguka hutafuna majani yenyewe. Muguka una bei nafuu, na kwa sababu hiyo umeingia hata katika mifuko ya watoto wa shule.

Kwa muda mrefu wataalamu hawakujua hasa ni kitu gani katika mti huu kinachomwondolea mtu usingizi. Mwaka 1975 maabara ya Umoja wa Mataifa iligundua katika majani mabichi kemikali iitwayo kathinoni, ambayo kwa umbile lake na kazi yake ni ndugu wa karibu wa amfetamini. Kathinoni haikai sana. Majani yakianza kunyauka hubadilika na kuwa kemikali nyingine zilizo dhaifu, na baada ya siku mbili hivi utamu wote wa mlaji umekwisha. Hapa ndipo tunapofahamu kwa nini miraa hufungwa katika majani ya mgomba ili isikauke, na kwa nini magari yanayoibeba kutoka Meru hukimbizwa kwa kasi ambayo kila msafiri anaijua.

Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani liliihesabu miraa kuwa ni kitu kinachoweza kumfanya mtu awe tegemezi kimawazo kwa kiwango kidogo au cha wastani. Kathinoni yenyewe imewekwa katika Jedwali la Kwanza la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 unaodhibiti dawa zinazoathiri akili, ingawa majani ya mti hayamo katika mkataba huo.

SAFARI YAKE MWILINI

Mlaji hukaa na fungu lake, bigijii au karanga pembeni za kupunguza uchungu, na chupa ya maji au soda. Hutafuna kidogo kidogo na kulikusanya tonge shavuni. Kathinoni hupenya katika ngozi laini ya kinywa na tumboni, huingia katika damu, kisha hufika kwenye ubongo. Huko huzisukuma chembe za fahamu zimwage dopamini na noradrenalini kwa wingi. Dopamini ndiyo inayomletea mtu furaha na hamu. Noradrenalini huuweka mwili katika hali ya tahadhari, kana kwamba kuna adui mlangoni.

Basi moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, joto la mwili huongezeka, mboni za macho hutanuka na njaa hupotea. Mtu hujiona ana fikra kubwa na maneno mengi. Hapo ndipo barazani hujengwa maghorofa, hufunguliwa biashara na hutatuliwa matatizo ya ulimwengu mzima. Saa chache baadaye akiba imemwagika na hakuna iliyobaki. Yule mchangamfu hunyamaza, huwa mzito, mwenye wasiwasi na hasira za karibu, na usingizi hauji. Asubuhi, yale maghorofa ya jana hayana hata tofali moja.

MADHARA YAKE

Madhara tunayoyataja hapa hutegemea kiasi, miaka ya matumizi na afya ya mtu. Hatusemi kila mlaji atayapata yote. Tunasema huu ndio mlango anaoufungua.

1. Moyo. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Kuusukuma uende mbio kwa saa nyingi, siku baada ya siku, ni kuuchosha. Matumizi makubwa yamehusishwa na shinikizo la damu na mshtuko wa moyo. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha anajiweka katika hatari zaidi.

2. Kinywa na tumbo. Meno hubadilika rangi, kinywa hukauka na fizi huumwa. Miraa ina tanini nyingi, na kwa hivyo huleta kufunga choo. Wako wanaopata kiungulia na maumivu ya tumbo, na wanaume wengine hupata taabu ya kukojoa.

3. Lishe. Kwa kuwa njaa hupotea, mlaji huacha chakula na hudhoofika. Kijana anayekua anauhitaji mlo wake kuliko mtu mzima.

4. Usingizi na akili. Mtu asiyelala husahau, hukosa subira na huwa na majonzi. Kwa wanaokula kwa wingi sana hutokea hali mbaya zaidi: kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, na kushuku kwamba watu wanamfuata au wanamsema. Familia nyingi hudhani ni uchawi au jini, mgonjwa akazungushwa kwa waganga, ilhali hali hii inatibika hospitali na mara nyingi hupungua akiacha kula.

5. Mama na mtoto. Matumizi ya miraa wakati wa mimba yamehusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo, na kemikali zake hupita katika maziwa ya mama.

6. Kinachofuata. Asiyeweza kulala hutafuta cha kumlaza. Wengine humeza vidonge vya usingizi bila idhini ya daktari, wengine huvuta bangi au hunywa pombe. Sigara nayo huenda sambamba na tonge la shavuni. Kwa njia hii aliyeanza na jani moja hujikuta na mazoea matatu.

HESABU YA NYUMBANI

Sasa tufanye hesabu ambayo hata mwanafunzi wa darasa la tano anaiweza. Tuchukue mfano wa baba anayetumia shilingi 200 kwa siku kwa miraa, soda na sigara. Kwa siku 30 ni shilingi 6,000. Kwa mwaka wa siku 365 ni shilingi 73,000. Tunaomba kila msomaji aitafsiri hesabu hiyo kwa mahitaji ya nyumbani kwake: ni magunia mangapi ya unga, ni karo ya watoto wangapi, ni miezi mingapi ya kodi ya nyumba?

Fedha hata hivyo ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni wakati. Mkao wa kuanzia alasiri hadi saa nne za usiku ni zaidi ya saa sita. Katika saa hizo mtoto amerudi madrasa na hakuna wa kumsikiliza juzuu yake, na mke ameweka chakula na kimepoa. Baba akirudi, macho yako wazi lakini maneno yamekwisha, yote ameyaacha barazani. Asubuhi watoto wakienda shule yeye ndio kwanza amepata usingizi. Watu hawa wanakaa nyumba moja lakini hawaonani.

Lipo jambo lingine dogo kwa sura na kubwa kwa athari. Ni ile desturi ya kumtuma mtoto akanunue. Mtoto wa miaka minane anapewa pesa, anakwenda kibandani, anajua jina la kila aina na bei yake, na anajua ipi ni mbichi na ipi imelala. Mzazi huyo akija kumkataza miaka sita baadaye, anamkataza somo alilomfundisha mwenyewe. Samaki mkunje angali mbichi, na huyu tumemkunja upande usiofaa.

Barabarani pia deni hili hulipwa. Madereva wa masafa marefu hula ili wasisinzie. Lakini tumeshasema kwamba uchovu hauondoki, hufichwa tu, na dawa ikiisha huja wote kwa mkupuo mmoja. Anayelipa hapo huwa pia ni abiria na mpita njia ambaye hakutia hata jani mdomoni.

Ni lazima vilevile tuwe waadilifu katika maneno yetu. Familia nyingi za Meru na Embu huishi kwa zao hili, na sheria ya Kenya imelitambua tangu mwaka 2016 kuwa ni zao la biashara. Ndiyo sababu mnamo Mei 2024, serikali za kaunti za Mombasa na Kilifi zilipoupiga marufuku muguka, wakulima walilalamika na Mahakama Kuu ikayasimamisha marufuku hayo. Hatumlaumu mkulima anayetafuta riziki, na ni wajibu wa wakubwa kumfungulia njia nyingine. Lakini funzo kwetu ni kwamba mzazi asiketi akisubiri amri ya serikali imlindie mwanawe. Ulinzi wa kwanza ni mlango wa nyumba yake.

MIZANI YA DINI

Miraa haikutajwa kwa jina katika Qur'ani wala katika Sunna. Kwa hivyo wanazuoni wameitazama kwa athari zake, na wamehitilafiana. Katika karne ya 16, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi, Ibn Hajar al-Haytami, aliulizwa na watu wa Yemen akaandika risala maalumu juu yake. Aliona kwamba habari zilizomfikia zinagongana, hawa wakisema inadhuru na wale wakisema haidhuru. Hakukata kuwa ni haramu moja kwa moja, bali aliwanasihi watu wajiepushe nayo. Wanazuoni wa Saudi Arabia wameiharamisha, na huko Yemen wako wengi walioona vingine.

Khitilafu hii isiwe kichaka cha kujifichia. Ibn Hajar hakuwa na maabara. Sisi leo tunajua kilichomo ndani ya jani, na tunazo kanuni zinazotuongoza:

Kwanza, katika Suratul Baqara aya ya 195 tumekatazwa kujitia wenyewe katika maangamizo. Pili, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba hakuna kujidhuru wala kuwadhuru wengine. Tatu, Suratul Israa aya ya 26 na 27 zimekemea ubadhirifu kwa maneno mazito, na tumeiona hesabu ya mwaka mmoja. Nne, imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Mama Ummu Salama (R.A.) kwamba Mtume alikataza kila kinacholevya na kila kinacholegeza mwili. Tano, katika hadithi ya Nuuman bin Bashir tumefundishwa kuwa halali iko wazi na haramu iko wazi, na mwenye kuyaepuka yenye shaka ameinusuru dini yake na heshima yake.

Mwenye kuzikusanya kanuni hizi tano akaziweka mbele ya fungu la miraa, hatahitaji kuuliza sana.

HOJA ZA WALAJI NA MAJIBU YAKE

Hoja ya kwanza: "Inanisaidia kusoma usiku wa mtihani." Jibu: ubongo huyapanga na kuyahifadhi uliyoyasoma wakati umelala. Aliyekesha amejaza kapu lililotoboka. Ataingia chumba cha mtihani mikono ikitetemeka, na lile alilolisoma saa nane za usiku atalitafuta asilipate.

Hoja ya pili: "Inanikesheza kwa ibada, hasa Ramadhani." Jibu: tutazame mwisho wake. Wengi hukesha barazani, si msikitini. Na hata aliyekesha kwa kheri, ikiwa usingizi utamchukua Alfajiri ikampita, amepoteza faradhi kwa kutafuta sunna. Kisha analala mchana kutwa, na saumu yake ikawa ni ya usingizi. Mtume wetu ametufundisha kuwa mwili una haki juu yetu, na kwamba amali ipendezayo zaidi ni ile inayodumu ingawa ni kidogo.

Hoja ya tatu: "Hata kahawa iliwahi kukatazwa Makka, leo masheikh wanaikunywa." Jibu: ni kweli. Mwaka 1511 gavana wa Makka, Khair Beg, aliipiga marufuku kahawa, na baadaye ikaruhusiwa. Lakini iliruhusiwa kwa kuwa ilipimwa ikaonekana haiondoi akili wala haibomoi nyumba. Nasi tunaomba miraa ipimwe kwa kipimo hicho hicho. Kafeini huzuia kwa muda tu ile kemikali ya ubongoni inayoleta usingizi, wakati kathinoni huimwaga akiba ya ubongo yenyewe. Na hatujasikia mtu aliyeuza kitanda cha mkewe kwa ajili ya kikombe cha kahawa.

Hoja ya nne: "Serikali haikukataza." Jibu: si kila kisichofungiwa jela ni halali. Na hata hilo si la nchi zote. Nchini Tanzania mirungi imo katika dawa zinazokatazwa na sheria ya mwaka 2015. Uholanzi iliikataza mwaka 2013 na Uingereza mwaka 2014. Kijana anayevuka mpaka na fungu lake asidhani kwamba ada ya mtaa wake ndiyo sheria ya dunia.

NJIA YA KUTOKA

Mwenye kutaka kuacha anaweza, bi idhnillah. Siku za mwanzo atahisi uchovu, usingizi mwingi, ndoto za kutisha, hasira na unyonge. Hayo si maradhi mapya, ni deni linalipwa, na hupungua baada ya siku kadhaa. Tunamshauri afanye haya:

1. Aweke nia na siku, na amwambie mtu mmoja anayemwamini.
2. Abadilishe mahali na wakati. Ile saa ya alasiri aliyokuwa akikaa barazani aijaze kwa kazi, mpira, darasa au kutembea na watoto wake.
3. Ale kwa wakati, anywe maji na alale mapema.
4. Akisikia sauti, akiwa na hofu isiyoisha au maumivu ya kifua, aende hospitali bila kuchelewa.
5. Jamaa wasimdhihaki. Mke, mama na ndugu wampokee kama anayetoka ugonjwani. Maneno ya "tutaona utakaa siku ngapi" yamewarudisha wengi.

Na kwa wanafunzi wetu ambao hawajaanza, nasaha yetu ni fupi: jani la kwanza halinunuliwi, hutolewa bure na rafiki. Kulikataa siku hiyo ni rahisi kuliko siku nyingine yoyote.

HITIMISHO

Imepokewa na Tirmidhi kwamba Siku ya Kiyama mja hataondoka aliposimama mpaka aulizwe umri wake aliumalizaje, elimu yake aliifanyia nini, mali yake aliichuma wapi na aliitumia wapi, na mwili wake aliuchakaza katika nini. Tukitazama tunaona kwamba mlaji wa miraa anavichukua vyote vinne kwa mkono mmoja: umri, elimu, mali na mwili. Na wanaomsaidia kulipa ni watoto ambao hawakukopa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu, awarahisishie toba waliotumbukia, na azijaalie nyumba zetu ziwe na utulivu wa usiku na baraka ya Alfajiri. Wabillahi tawfiq.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza kwa maneno yako kwa nini tumesema nguvu za kichangamshi ni za kukopa.
2. Kwa nini miraa hufungwa katika majani ya mgomba na kusafirishwa kwa haraka?
3. Taja madhara manne ya miraa mwilini na mawili nyumbani.
4. Mtu anatumia shilingi 150 kila siku. Atatumia shilingi ngapi kwa mwaka mmoja? Kaa na mzazi wako mtaje vitu vitatu ambavyo fedha hizo zingeweza kununua.
5. Rafiki yako anasema miraa ni sawa na kahawa. Utamjibu nini?